Mkaguzi na Mashine ya Vyombo

Mara ya kwanza kumwona alikuwa amelala kifudifudi jikoni kwake, shavu juu ya vigae, tochi mkononi, na alinisemesha bila kugeuza kichwa.

"Usikanyage hapo, mwanangu. Hapo pana ushahidi."

Nilikuwa nimekwenda kuomba bizari. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi na mume wangu tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kwenye jengo lile la mtaa wa Hamriya, Maskati, maboksi yetu hayajafunguliwa, na mlango wa jirani nilioukuta wazi ulikuwa huo. Ushahidi wenyewe ulikuwa poda ya watoto, iliyonyunyizwa kutoka miguuni mwa mashine ya kuoshea vyombo hadi kizingitini, na katikati ya poda maji yalikuwa yamejichimbia kijito. Mkewe alikuwa juu ya kiti, miguu ameipandisha, sinia ya mchele mapajani, anachambua kama mtu aliyezoea kuishi na mafuriko.

"Pita kwa pembeni," aliniambia. "Kama hujui kuruka utajifunza. Sisi tushajifunza."

Maskati, kwa sisi tuliotoka Afrika, mtu huulizwa kwanza ni wa kabila gani, babake ni nani, na wazee wake walitoka Unguja au bara. Yote hayo yeye aliweza kuyaeleza, na aliyaeleza, na mimi nimeyasahau. Nilichokishika ni jinsi alivyokuwa akilala chini. Alilala kwa utaratibu: kwanza alivua kofia, akaiweka juu ya friji, kisha alikunja kanzu hadi magotini, kisha goti moja, goti la pili, viganja, kifua, na mwisho shavu, taratibu, kama anayelala juu ya mto alioazimwa.

Jengo zima lilimwita Mkaguzi, kuanzia imamu hadi muuza mboga. Maisha yake ya kazi aliyamaliza forodhani, Bandari ya Sultan Qaboos, akifungua masanduku ya watu. Alipostaafu aliondoka na forodha yake akaja nayo nyumbani. Ukigonga mlango wake na sahani iliyofunikwa, hakusema karibu. Alisema, "Una nini ndani?"

"Mandazi, ami."

"Umetangaza yote?"

"Yote, ami."

"Haya pita."

Kifaa chochote kilichoharibika katika jengo lile kilipelekwa kwake, naye alikihoji. Sisemi kwa mfano. Alikaa juu ya kigoda mbele ya pasi, au feni, au redio ya mume wangu, akakiuliza kwa sauti ya upole yale maswali matatu aliyowauliza mabaharia na wachuuzi miaka yote: "Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Una nini ndani?" Akamaliza, akanyamaza kidogo, kama anayekipa kifaa nafasi ya kuungama kwa hiari. Ndipo aliposhika bisibisi. Kikipona, alitoa chaki mfukoni akakipiga mistari miwili mgongoni, kama masanduku yanayoruhusiwa kutoka bandarini. Pasi yangu ilipita forodha. Redio ilipita. Friji ya ghorofa ya juu ilipita mara mbili. Mashine ya vyombo ya jikoni kwake ndiyo iliyokaa bila chaki.

Alikuwa na misemo, na hakuona tabu kuirudia. "Maji hayasemi uongo, ila hayasemi yote." "Anayeapa sana, mfungulie sanduku." "Kifaa hakiharibiki. Kina jambo lake." Huu wa mwisho aliusema hata juu ya binadamu. Mume wangu alipougua homa ya matumbo Mkaguzi alikuja kumtazama, akakaa kwenye kigoda, akamwangalia muda mrefu, na mimi nikaomba Mungu asimuulize ana nini ndani.

Pua yake ilikuwa na sifa bandarini. Alipenda kusimulia juu ya abiria aliyefunga doriani, tunda lile linalonuka kupita kiasi, ndani ya mablanketi matano, mablanketi ndani ya zulia, zulia ndani ya sanduku la bati. "Doriani lile," alisema, "n'lilijua meli bado iko nje. Nikakaa kwenye kiti changu nikalisubiri, kama mtu anayemsubiri shemeji."

Na mtu huyu mwenye kushuku kila sanduku hakufunga mlango wake mchana wala usiku. Aliogopa daktari wa meno kuliko moto, lakini alitia mkono ndani ya pampu yenye umeme akizungumza. Kufungua alijua kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Kufunga kulimshinda. Kila alipomaliza kazi zilibaki skrubu, na alizitia kwenye kopo la halwa, akasema, "Hizi za akiba. Kiwandani hutia zaidi."

"Fundi ni mtu anayefunga," mkewe aliniambia siku moja, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili. "Huyu anajua kufungua tu. Huyu si fundi, huyu ni forodha."

Neno hilo, fundi, mkewe aliligawa bila choyo. Alimpa mshonaji, alimpa mleta gesi, alimpa mtu aliyekuja kusafisha tangi la maji juu ya paa akaacha ndoo yake humo humo. Mumewe hakumpa. Naye alilitamani. Nilimsikia mara moja, baada ya kutengeneza taa ya ukumbini, akimuuliza kwa kujifanya hajali, "Haya, Bi Harusi, sasa mtu kama mimi anaitwaje?" Alimwita Bi Harusi mpaka wajukuu wakaona ndilo jina lake.

"Anaitwa akale," alijibu mkewe.

Sasa niseme mashine ililetwa kwa nini, maana bila hilo yote haya ni mchezo wa wazee.

Ililetwa kwa sababu ya mikono. Mikono ya Khaloo, hivyo ndivyo nilivyomwita mkewe, ilikuwa imepasuka. Ngozi ya vidole ilifunguka kama udongo wa bonde la wadi wakati wa kiangazi, na siku nyingine aliacha alama nyekundu kwenye unga wa chapati. Daktari alimwambia adui yake si maji, ni sabuni. Akae mbali na sabuni, ngozi itafunga. Glavu alizikataa. "Sahani naijua kwa ngozi. Nikivaa mipira naosha kama kipofu." Mtumishi alimkataa pia, kwa maneno machache zaidi. Watoto walikuwa wameoa na kuolewa, wako kwao. Basi Mkaguzi akaenda akanunua mashine, ya kwanza katika jengo, ikapandishwa ngazi na watu wanne, na majirani wakapanga foleni kuitazama ikizunguka.

Ikaanza kuvuja wiki ile ile.

Khaloo aliivumilia kwa kadiri yake. Halafu akatoa hukumu, mbele yangu na mbele ya rafiki mmoja wa Mkaguzi, mzee aliyekuwa akiendesha winchi bandarini, ambaye alikuja kila alasiri kunywa kahawa.

"Mpaka Idi ya kuchinja," alisema. "Siku ya Idi nyumba hii itajaa watu, na mie sitawapokea wageni wangu nimevaa viatu vya mvua. Pakiwa na tone moja chini, mashine inatoka, mie n'narudi kwenye sinki langu."

Mkaguzi aliangalia mikono ya mkewe. Mzee wa winchi naye akaiangalia, na mimi nikaiangalia, mpaka mwenyewe akaificha chini ya leso. Tangu siku ile hakuna aliyeingia jikoni mle akafikiri tunahangaikia maji.

Uchunguzi ulifanyika kwa utaratibu wa bandarini. Washukiwa waliitwa mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mpira wa kuingizia maji. Alihojiwa, akafunguliwa, akabadilishwa, maji yakatoka. Wa pili mpira wa mlango. Wa tatu pampu, ambayo ilikaa juu ya meza ya chakula siku kadhaa, imefunuliwa kama samaki, na tukala tukiizunguka. Kila mshukiwa alithibitika kuwa hana hatia, na Mkaguzi alimwomba radhi.

Watu pia walihojiwa. "Ulikuwa umesimama wapi maji yalipotoka?" aliniuliza.

"Sikuwepo, ami. Nilikuwa kwangu."

"Una shahidi?"

Mzee wa winchi alikuwa na rai moja tu, na aliitoa kwa kila jambo, iwe sufuria ya harisi iliyoganda au ndoa iliyovunjika: "Uzito haukukaa sawa." Safari hii alisikilizwa. Wakaleta pima maji, wakainua mashine upande mmoja kwa kipande cha ubao na kifuniko cha kopo la halwa, wakaiwasha. Maji yakaacha njia ya mlangoni yakaenda njia ya ukumbini, chini ya zulia.

"Umeona!" Mkaguzi alisema, uso umemng'ara. "Tumemhamisha njia. Sasa anajua tunamfuata."

"Zulia langu nalo linajua," alisema Khaloo.

Kisha Mkaguzi akataka kujua maji yanayovuja ni yapi, yale yanayoingia au yale yanayotoka, na kwa hilo alihitaji rangi. Alitumia kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa zaafarani ya Khaloo, ile ya wali wa wageni, na alitia kopo zima. Ukelele wa mkewe niliusikia kwangu, na kuta za jengo lile hazikuwa nyembamba. Siku mbili vyombo vyao vilinukia harusi. Baada ya hapo alitakiwa anunue rangi yake mwenyewe, akarudi na chupa kubwa ya rangi ya chakula ya kijani, akajaribu tena mbele yetu sote, tumekaa na vikombe vya kahawa mkononi, kimya, kwani mashine ikizunguka hakuna aliyeruhusiwa kusema. Maji ya kijani yakachungulia chini ya mlango wa mashine. Mkono wa kanzu yake ukawa wa kijani hadi kiwikoni.

"Imethibitika," alitangaza.

"Nini?" niliuliza.

"Maji yanayovuja yanatoka ndani."

"Mashaallah," alisema mzee wa winchi.

"Na mie," alisema Khaloo, "siku zote nadhani yanatoka baharini."

Lilikuwepo pia povu. Siku hiyo niliona kwa macho yangu: mbele ya yale maji ulitangulia ulimi mweupe, mnene kama ndevu za beberu, ukatoka pembeni ya mlango, ukakaa, ukapasuka, ukawa maji. Nilimwonyesha Mkaguzi. Aliutazama kwa mbali.

"Povu ni dalili, mwanangu," alisema. "Si ugonjwa."

Povu lile lilinuka ndimu. Mtu aliyelijua doriani lililo ndani ya mablanketi matano hakuinama kulinusa. Jambo hilo nililiona siku ile ile, nikaliweka, sikuwa na pa kulitia.

Asubuhi moja Mkaguzi alikuwa amekwenda madukani kutafuta kibano cha mpira, nami nikaingia kurudisha sinia. Khaloo alikuwa kwenye sinki. Mikono ilikuwa ndani ya povu mpaka viwikoni, dodoki linakwenda, chupa ya sabuni ya maji ya kijani iko pembeni, na kila sahani aliyoisugua aliipanga ndani ya mashine na sabuni yake, bila kuisuuza. Alipomaliza alifunga mlango akabonyeza. Ndipo aliponiona.

"Khaloo," nilisema, "si mashine ndiyo inayoosha?"

"Inaosha nini? Inazungusha. Maji yale yale, mwanangu, yanapita kwenye sahani hii, yanarudi, yanapita kwenye ile. Kwa dini yetu, maji yaliyokwisha kutumika yatatoharisha nini? Mie n'mesoma chuo cha Kurani."

"Sasa kwa nini unaitia ndani?"

"Kanunua kwa ajili ya mikono yangu. N'mwambie airudishe dukani? Basi mie nasugua kwa mkono, yeye inamzungushia afurahi, kisha natoa, napitisha maji ya bomba mara tatu, nafurahi mie."

Nilisimama nikafanya hesabu. Kabla ya mashine, vyombo vya nyumba ile vilioshwa mara moja. Tangu ije mashine ya kumpumzisha, vinaoshwa mara tatu.

"Lakini Khaloo, hiyo sabuni ndiyo inayofanya povu. Na povu ndilo linalovuja."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kijinga na mtu anayempenda.

"Basi aitengeneze isivuje povu. Si mkaguzi?"

"Na mikono?"

Akaifuta kwenye leso kwa haraka, lakini nilishaiona. Ilikuwa mibaya kuliko siku ya hukumu. "Mikono yangu," alisema. Kisha akaichukua ile chupa, akafungua sanduku lake la udi, sanduku la mbao lililokaa juu ya rafu ya jikoni, kwa kuwa udi aliuchanganya mwenyewe, akaisukuma chupa chini kabisa, nyuma ya ubani. "Humu hafungui. Udi unampigisha chafya. Na wewe hukuona kitu, umesikia, mwanangu?"

Nilisikia. Habari ya jikoni kwa mtu haitoki na mgeni. Na kusema kweli sikujua ningeitoaje: nimwambie mtu aliyekamata magendo maisha yake yote kwamba magendo yako kwake, hatua chache kutoka mahali anapolaza shavu?

Wiki zilizofuata Mkaguzi hakubadilisha kitu. Nilipomuuliza uchunguzi umefika wapi alijibu, "Nnaisikiliza tu." Alilala chini kama kawaida, akasikiliza, akainuka. Vidole vyake bado vilikuwa na rangi ya kijani, ingawa lile jaribio la rangi lilikuwa limepita siku nyingi. "Haitoki upesi, hii," alisema, akaviingiza mfukoni. Mume wangu alisema Mkaguzi ana mafua yanayokuja Ijumaa, maana kila Ijumaa alasiri tulimsikia, mlango wake ukiwa wazi, akipiga chafya mfululizo, mbili, tatu, saba, hadi tukawa tunamwombea rehema kwa zamu.

Na maji yakaanza kupungua. Palipohitaji taulo pakahitaji kitambaa. Palipohitaji kitambaa pakabaki unyevu kama wa chini ya gilasi ya maji baridi. Mzee wa winchi alisema uzito unakaa sawa. Khaloo aliangalia vigae kama mtu anayedaiwa.

Siku ya Idi nyumba ilijaa. Palikuwa na pilau, palikuwa na nyama ya shuwa iliyookwa shimoni, palikuwa na sahani juu ya sahani, na mashine ilizungushwa tangu asubuhi. Mkaguzi alikaa barazani na wageni, akijibu salamu za Idi, jicho moja liko jikoni. Mwisho mzee wa winchi akavua viatu, akaingia jikoni na soksi, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi mbele ya watu, akainua mguu mmoja kisha wa pili atuonyeshe nyayo.

Hazikulowa.

Sote tulimgeukia Khaloo. Wanawake, wanaume, wajukuu. Alikuwa ameshika jagi la sharubati. "Kitu kikichoka kuvuja," alisema, "huacha." Akaendelea kumimina.

Mashine ilibaki. Lakini Mkaguzi hakuipiga chaki. Nilimkumbusha siku ya pili, "Ami, mbona hujaipitisha?" Akasema, "Hii bado." Kabla mwaka haujaisha mikono ya Khaloo ilifunga. Alisema ni mafuta ya habasoda aliyoletewa na dada yake, na aliwagawia jengo zima.

Miaka ikaenda. Sisi tulihamia Al Khoudh, nyumba ya chini yenye uwanja, watoto wakakua, na Hamriya ikawa mahali pa kupita kwa gari. Halafu, katika miaka ya elfu mbili, niliambiwa macho ya Mkaguzi yamefifia. Nikachukua halwa nikaenda kumtazama.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ukumbini, kwenye kochi, mwembamba zaidi, kofia imekuwa kubwa. Alisikia nyayo zangu.

"Una nini ndani?"

"Halwa, ami."

"Umetangaza yote?"

"Yote."

"Haya pita, mwanangu. Umeadimika."

Tulizungumza habari za watu. Khaloo alituletea kahawa akarudi jikoni. Alipoondoka Mkaguzi aliinamisha kichwa upande wa mlango, akahakikisha maji ya bomba yanamwagika huko, akasogea.

"Unalikumbuka lile povu?"

"Nalikumbuka. Ulisema ni dalili."

"Lilikuwa likinuka ndimu." Alicheka kwa mabega tu. "Mtu kama mimi, mwanangu. Sabuni ya ndimu iingie jikoni kwangu nisiijue? Siku ya pili n'lijua ni nini. Siku ya tatu n'lijua iko wapi."

"Kwenye sanduku la udi."

"Kumbe na wewe ulikuwemo kwenye genge!"

"Sasa ile yote, ami! Mipira, pampu, zaafarani ya watu!"

"Ilibidi anione natafuta kwengine." Alifikiri kidogo. "Na pampu, kusema kweli, n'litaka kuiona."

"Si ungemwambia tu."

"N'mwambie nini? N'simame na chupa mkononi, 'Bi Harusi, hii nini?' Angenambia maji ya mashine hayatoharishi. Elimu hiyo anayo yeye, mimi sina. Mashine ingetoka siku ile ile, na yeye angerudi kwenye sabuni asubuhi na jioni, mikono ile ile. Kumkamata mtu si kazi, mwanangu. Ukimkamata lazima uwe na pa kumpeleka. Mimi sikuwa na pa kumpeleka."

Basi kila Ijumaa, mkewe akienda kwa dada yake, alifungua sanduku la udi, akapiga chafya zake, akamwaga sabuni kidogo, akatia maji kidogo. Wiki inayofuata tena. Sabuni ikapauka, akatia ile rangi ya kijani iliyobaki. "Hata Idi inafika," alisema, "chupa ile ilikuwa maji matupu yenye sura ya sabuni. Povu likafa, mikono ikapona. Na mpaka leo."

"Na akinunua chupa mpya?"

"Mifuko ya sokoni anabeba nani? Chupa haifiki nyumbani na sabuni yake."

"Hajui?"

"Atajulia wapi?" alisema, na kifua kikamtanuka ndani ya kanzu.

Nilibeba vikombe nikavipeleka jikoni. Mashine ilikuwa ile ile, rangi imekuwa ya siagi. Khaloo alifungua sanduku la udi, akachomoa chupa, akaibinya juu ya dodoki. Kilichotoka kilikimbia kama maji, kwa sababu kilikuwa maji. Alisugua kikombe cha kwanza kwa bidii, ndani, nje, kwenye kitako, bila kiputo hata kimoja. Niliangalia pembeni, lakini sikuangalia upesi vya kutosha.

"Ee," alisema. "Maji."

"Khaloo! Tangu lini unajua?"

"Tangu Idi ile. Sabuni gani haina povu? Mwanzo n'lidhani duka linatudhulumu. Halafu n'kaona wiki hii kijani cha mkunazi, wiki ile kijani cha bendera. Mkono wake haujui kupima, hata maziwa ya chai yanamshinda."

"Na tohara ya vyombo?"

"Tohara ni maji, mwanangu, si povu. Napitisha mara tatu ya bomba, khalas."

"Basi si umwambie, apumzike. Mzee yule anapiga chafya."

"Mpaka machozi," alisema, na uso wake ukafanya kazi kubwa kujizuia. "Kila Ijumaa nnarudi namkuta macho mekundu, ananambia vumbi. N'mkamate? N'kishamkamata n'mpeleke wapi?"

Aliinua kifuniko arudishe chupa, na mwanga wa dirishani ukaingia ndani ya kifuniko. Kwenye mbao, upande wa ndani, palikuwa na mistari miwili ya chaki, ya zamani, imekuwa ya kijivu.

Aliona ninachokitazama. "Kalipitisha," alisema. "Anadhani sikuiona. Kila Ramadhani sanduku hili n'nalisugua kwa mafuta, lote. Pale napapitia pembeni."

Alifunga. Mikono iliyofunga ilikuwa laini, mikono ya mtu mzee tu, bila ufa. Alipanga vikombe ndani ya mashine, akabonyeza, akapaza sauti.

"Bwana wee! Njoo uisikilize!"

Alikuja akipapasa ukuta, tochi mkononi, ingawa tochi haikuwa na la kumsaidia tena. Akavua kofia, akaitafuta friji, akaiweka juu yake. Goti moja, goti la pili, viganja, kifua, shavu. Tukanyamaza, kama desturi. Mashine ilinguruma. Alipitisha mkono chini ya mlango wake, kutoka kona hadi kona, akautoa, akatuinulia kiganja, kikavu, cheupe chini ya mwanga wa dirisha.

"Hakuna kitu," alisema.

Khaloo alikitazama kile kiganja.

"Ahsante, fundi," alisema.

Kile kiganja kilibaki hewani.

"Umesema nini, Bi Harusi? Sikukusikia. Mashine inapiga kelele."

"N'mesema inuka, vigae vina baridi."

Hakuinuka. Alibaki pale pale, shavu juu ya vigae, mpaka mashine ilipomaliza.